Riwaya za sayansi ya kubuni zilizotokana na magemu: ipi ni riwaya kweli, ipi ni gemu lililonakiliwa?

MsomajiMakulu (mleta mada)

Wakuu wa Dodoma na kwingineko, salaam.

Kuna kauli inayorudiwa kila tunapokutana wasomaji pale Nyerere Square: kwamba kitabu kilichotokana na gemu si kitabu, ni tangazo lenye jalada. Mara nyingi anayesema hivyo hajasoma hata kimoja. Leo naomba tulijadili kwa mifano.

Msimamo wangu nauweka mapema. Riwaya ya gemu huwa nzuri pale mwandishi anapoachiwa kueleza kile ambacho mchezaji hawezi kukifikia akiwa anacheza. Huwa mbovu pale anapolazimishwa kutembea nyuma ya mchezaji, mlango kwa mlango, risasi kwa risasi.

Chukueni Halo: The Fall of Reach ya Eric Nylund, riwaya ya gemu la vita vya angani liitwalo Halo. Kitabu kilitoka Oktoba 2001, gemu la kwanza likafuata Novemba. Ukicheza gemu lile unakutana na askari mwenye deraya ya kijani, uso hauonekani, maneno yake machache. Hujui alizaliwa wapi, na maadui hawakupi nafasi ya kuuliza. Nylund anakurudisha mwaka 2517. Mtoto wa miaka sita, John, anacheza na wenzake shuleni. Mwanasayansi Catherine Halsey anamjia, anarusha sarafu, anamwambia abashiri upande. Mtoto anapatia. Muda si mrefu anaibwa.

Wanachukuliwa watoto 75. Kwa kila mmoja, nyumbani anaachwa mtoto wa kufanana naye aliyetengenezwa maabara, ambaye anaugua na kufa, ili wazazi wazike na wasitafute. Watoto wale wakifika miaka 14 wanapasuliwa ili kuongezewa nguvu: 30 wanakufa, 12 wanabaki walemavu, 33 ndio wanaotoka wakiwa mashujaa tunaowashangilia. Na mradi wenyewe haukuanzishwa kwa ajili ya viumbe wa sayari nyingine. Ulikusudiwa kuzima uasi wa binadamu wenzao.

Niambieni, tangazo gani linakuambia kwamba shujaa wako ni mtoto aliyeibwa na serikali yake?

Sasa weka pembeni yake Halo: The Flood ya William C. Dietz, ya 2003, inayosimulia upya gemu la kwanza. Sehemu zinazobaki kichwani ni zile ambazo mchezaji hayupo. Kuna askari wa kawaida, Jenkins, anavamiwa na vimelea, mwili unaacha kumtii lakini fahamu zinabaki. Anaona kila kinachofanywa na mikono yake. Kurasa hizo zinatisha kweli. Kisha tunarudishwa kwenye korido za gemu, tunahesabu tena maadui tuliokwisha kuwaua wenyewe.

Kipimo changu: mpe kitabu mtu asiyewahi kucheza gemu hilo. Akikimaliza na kutaka kujadili, hiyo ni riwaya.

---

KijanaChimwaga

Mkuu, kuhusu The Fall of Reach nakazia. Kipimo chako sikikubali.

Kitabu hiki kimeandikwa kwa ajili yetu tuliocheza, kwa nini kihukumiwe na asiyecheza? Kuna utamu ambao yeye hawezi kuupata, na utamu huo ni sehemu ya ubora wake. Mfano ni Mass Effect: Revelation ya Drew Karpyshyn, riwaya ya gemu la angani la Mass Effect, ya 2007, ambayo nayo ilitangulia gemu kwa miezi kadhaa. Kwenye gemu, Anderson, afisa wa jeshi, anakusimulia kwa kifupi jinsi alivyoikosa nafasi ya kuwa Spectre, yaani wakala maalumu, kwa sababu ya Saren, adui mkuu wa gemu. Dakika chache tu za mazungumzo, ukitaka unaziruka. Kitabuni unaishi na Anderson mwanzo hadi mwisho. Unamwona Saren akilipua mtambo wenye watu ndani bila kupepesa macho, halafu analaza lawama kwa mwingine. Mimi niliyeshacheza najua huyu Saren atakuja kuwa nani, na kila anapoongea kwa upole napata hasira. Asiyecheza atasoma hadithi nzuri ya upelelezi wa angani, basi.

Na usisahau Karpyshyn ndiye aliyeongoza uandishi wa gemu lenyewe. Nyumba ni yake, anajua ufunguo uko wapi. Mimi naona ubora unaanzia hapo. Tazama kilichotokea alipoacha kuandika vitabu hivyo.

---

BintiMpwapwa

KijanaChimwaga umegusa palepale ninapotaka kuongelea.

Kilichotokea ni Mass Effect: Deception, Januari 2012, kitabu cha nne, akapewa mwandishi mwingine, William C. Dietz yuleyule aliyetajwa juu. Mashabiki walikaa wakaandika orodha ndefu ya makosa: teknolojia isiyofanya kazi hivyo, wahusika wasiofanana na walivyokuwa, matukio yanayopingana na magemu. Mpaka watengenezaji, BioWare, na wachapishaji wao, Del Rey, wakaomba radhi hadharani na kuahidi marekebisho katika matoleo yatakayofuata. Si jambo la kila siku, kampuni kuwaomba radhi wasomaji wa kitabu cha gemu.

Lakini watu wakiisimulia habari hii huwa wanaishia kwenye makosa ya silaha na tarehe, kana kwamba mashabiki ni wakaguzi wa mahesabu. Kosa lililoniuma mimi ni la Gillian. Katika Ascension ya 2008, Karpyshyn alimwandika binti mdogo mwenye usonji. Alimwandika kwa uangalifu: hapendi kuguswa, ana namna yake ya kula, siku nyingine anaongea, siku nyingine hayupo kabisa, na wanaompenda wamejifunza kumngoja. Nina mdogo wangu mwenye usonji. Sijawahi kuona mtu wa namna yake ndani ya chombo cha angani, tena akiwa na nguvu ambazo watu wazima wanaziogopa.

Ukifungua Deception, usonji ule kama umeyeyuka. Msichana ana miaka kumi na kitu, anatembea na kusema kama mwingine yeyote, na hakuna anayeeleza. Usonji si homa kwamba unapona ukikua. Mwandishi hakumsoma mtoto yule kabla ya kumrithi.

Kwa hiyo nasema hivi: kulinda mwendelezo ni kuwaheshimu wahusika. Mtu akiuliza kwa nini mashabiki walikasirika kiasi kile kwa kitabu tu, nitamjibu kwamba Gillian alikuwa mtu wetu.

---

MsomajiMakulu

Dada, bandiko hili lisimame peke yake. Sina cha kuongeza.

---

MwalimuKongwa

Nawasalimu wote. Nimefundisha fasihi muda mrefu na mada hii inanigusa, maana dharau mnayoizungumzia naifahamu. Elvis Musiba na Willy Gamba wake, Ben Mtobwa na Joram Kiango wake, nao waliambiwa wanaandika vitabu vya kupotezea muda kwenye mabasi. Leo wanafunzi wa vyuo wanaandika tasnifu juu yao. Kuwa na shujaa anayerudi kitabu hadi kitabu hakuifanyi kazi kuwa duni.

Wala si kweli kwamba kazi hizi huachiwa waandishi wasio na jina. Mwaka 1984 gemu la Elite, lililotengenezwa na David Braben na Ian Bell, liliuzwa likiwa na kijitabu cha hadithi ndani ya boksi. Aliyekiandika ni Robert Holdstock, ambaye mwaka uliofuata alipata tuzo ya World Fantasy kwa kazi yake nyingine. Greg Bear, mshindi wa Hugo na Nebula, tuzo kubwa za sayansi ya kubuni, aliandika riwaya tatu za Halo kati ya 2011 na 2013. N. K. Jemisin, aliyeshinda Hugo ya riwaya bora miaka mitatu mfululizo, 2016, 2017 na 2018, ni mmoja wa waandishi wawili wa kitabu cha Mass Effect cha 2017.

Za Bear nazisifu kwa dhati. Ya kwanza, Cryptum, inakupeleka zaidi ya miaka 100,000 nyuma, msimulizi si binadamu bali kijana wa Forerunner, jamii ya kale ya viumbe wa angani, na huelezwi chochote kwa haraka. Mashabiki wengi walilalamika kwamba hakuna vita. Mimi nasema hiyo ndiyo fahari yake: mwandishi amediriki kuandika juu ya adabu, tabaka, urithi na hatia ya taifa kubwa, ndani ya jina ambalo watu wamezoea kulihusisha na bunduki.

Hata hivyo sikubaliani na KijanaChimwaga kwamba ubora unatokana na mwandishi kuwa mwenyeji wa gemu. Nylund hakuwa mwenyeji, na alipewa kama wiki saba tu kuandika The Fall of Reach. Karen Traviss alikuwa mwandishi wa habari za ulinzi kabla ya kuandika riwaya. Alipochukua gemu la vita la Gears of War mwaka 2008 na kitabu cha Aspho Fields, aliwageuza wale wanaume wenye misuli na misumeno kuwa watu wanaoomboleza. Alifanya kazi nzuri kiasi kwamba watengenezaji wakamwita aandike gemu la tatu, lililotoka 2011. Mgeni akawa mwenyeji kwa njia ya kitabu.

Tatizo kubwa naliona kwingine. Mhusika si mali ya mwandishi. Shujaa hawezi kufa kwa sababu gemu jingine linakuja. Hawezi hata kubadilika sana. Mwandishi anafanya kazi ndani ya ukuta ambao hakuujenga, na siku yoyote mwenye mali anaweza kuuhamisha. Nylund aliandika sayari ya Reach ikianguka kwa ghafla, mwishoni mwa Agosti 2552. Mwaka 2010 likaja gemu la Halo: Reach, vita vinaanza Julai na kuendelea kwa wiki nyingi. Kitabu kilichopendwa miaka tisa kikawa kinahitaji maelezo ya ziada ili kisimame.

---

KijanaChimwaga

Mwalimu heshima yako, hiyo ni nondo. Lakini hoja ya ukuta inanipa nguvu mimi. Ndiyo maana riwaya bora za gemu zinatoka Warhammer 40,000.

Lile ni gemu la mezani, la vinyago na kete, lilianza 1987. Halina mhusika mmoja unayemwendesha. Lina ulimwengu tu, mkubwa, wenye dola iliyooza na vita visivyokwisha. Kwa hiyo Dan Abnett alipoandika Xenos mwaka 2001, hakuwa na shujaa wa kumlinda. Alimjenga kitabuni mpelelezi Eisenhorn, mtu mwadilifu anayewinda uzushi. Kitabu hadi kitabu, kwa sababu nzuri kila mara, anasogea karibu na kile anachokiwinda. Unamwelewa kila hatua. Ukifika mwisho unajiuliza alipotea lini, na huwezi kuonyesha ukurasa.

 Gemu lilimpa Abnett mahali; safari hiyo ya kupotea aliiandika mwenyewe.

Ubovu nao upo, sifichi. Mfululizo wa Horus Heresy ulianza 2006 na kitabu kizuri sana cha Abnett huyohuyo, ukaendelea hadi kupita vitabu 50, na mwisho wa kisa chenyewe ukaja 2024. Katikati kuna vitabu vinavyozunguka tukio moja kwa pembe tano na hakuna kinachosogea. Pale biashara ilishika usukani.

---

MtuWaKondoa

Wadau nimewasoma wote. Nashangaa hakuna aliyetaja Mombasa.

Halo 2, mwaka 2004: mji wa kwanza duniani kuvamiwa mbele ya macho ya mchezaji ni New Mombasa. Halo 3, mwaka 2007: unapigana kwenye barabara ya Tsavo, unaingia Voi. Halo 3: ODST, mwaka 2009, karibu gemu zima unatembea usiku ndani ya New Mombasa, unapita Kizingo, unafika stesheni ya Kikowani. Pwani yetu ndiyo imebeba mnara wa kupandia angani. Hapa kwetu treni ya umeme imefika Dodoma 2024 na bado watu wanaiongelea, na wale wamesimamisha lifti ya kwenda kwenye obiti juu ya bahari ya Mswahili.

Sasa niambieni riwaya gani ya Halo inakaa Mombasa na watu wake. Ndani ya ODST kuna masimulizi ya sauti ya binti wa pale, Sadie Endesha, anayemtafuta baba yake usiku mji unapoungua, na akili mnemba inayoendesha mji inamsaidia kupitia taa na mabango. Unayapata vipande vipande ukizunguka mitaani, na ukipita haraka huyapati kabisa. Kwangu mimi hicho ndicho kisa bora cha gemu lile, na kilistahili riwaya kamili. Vitabu vilivyokuja kuandikwa juu ya wahusika wa ODST, New Blood ya 2015 na Bad Blood ya 2018, vya Matt Forbeck, vinamfuata askari Buck. Nimevisoma, si vibaya. Ila Buck ni mgeni aliyeshuka pale kupigana.

MsomajiMakulu umesema riwaya nzuri inakwenda mahali mchezaji hafiki. Basi mahali pa kwanza ambapo mchezaji hafiki ni ndani ya nyumba za watu wa mji anaoupigania. Mama gani anafunga duka? Nani amekataa kuondoka? Wanaswali wapi? Mwandishi aliyelala Mombasa hata wiki moja angejua kwamba mji ule usiku hauna ukimya huo.

---

MsomajiMakulu

Kondoa, umeipeleka hoja mbele kuliko nilivyoianza. Nakuunga mkono asilimia mia.

Naongeza kitabu kimoja kinachokaribia unachokitaka, japo hakiko Mombasa: The Cole Protocol ya 2008, ya Tobias Buckell, mzaliwa wa Grenada. Sehemu kubwa iko kwenye makazi ya vimondo vilivyounganishwa, binadamu wamejificha humo na wanafanya biashara na maadui zao, wale Kig-Yar wenye sura ya ndege. Ni mji wa bandari kabisa, wa watu wanaoishi kwa kujuana na kuvumiliana wakati majeshi makubwa yanataka wauane. Sijui msomaji mwingine anaonaje, ila mimi niliona mtu aliyekulia kisiwani ameandika anachokijua.

Mwalimu, kuhusu mali na ukuta, kuna mfano mmoja naupenda. The Expanse. Ty Franck alianza kubuni ulimwengu ule kwa ajili ya gemu la mtandaoni ambalo halikutengenezwa. Akauendesha kama mchezo wa mezani na marafiki, Daniel Abraham akiwa mmoja wa wachezaji, na ndiye aliyesema hapa pana kitabu. Mwaka 2011 ikatoka Leviathan Wakes, wakafika riwaya tisa, na 2020 wakapata Hugo ya mfululizo bora. Ukiisoma unauona mchezo ndani yake: kikundi kidogo, chombo kimoja, kila mtu na ujuzi wake, uamuzi mbaya unaozaa mwingine. Lakini hakukuwa na kampuni ya kusema huyu asife. Wanakufa, na vifo vinabaki.

---

MwalimuKongwa

Huo ni mfano mzuri, ila unathibitisha kwamba gemu likikosa kuzaliwa ndipo riwaya hupumua. Je, liko gemu lililozaliwa likafaulu na bado riwaya yake ikawa huru?

---

KijanaChimwaga

Xenos, mwalimu. Nimeshajibu hapo juu.

---

BintiMpwapwa

Na The Fall of Reach. Ilikuwa huru kwa sababu gemu lilikuwa bado halijatoka, hakuna aliyejua litapendwa kiasi gani. Wenye mali huanza kubana wakishaona fedha.

Doom, gemu la kupiga mashetani risasi, nayo imenifunza kitu, ingawa uhuru wenyewe ulitumika vibaya. Vitabu vinne vilitoka katikati ya miaka ya 1990, vya Dafydd ab Hugh na Brad Linaweaver. Cha kwanza kinafuata gemu. Vinavyofuata vinawaacha mashetani wa kuzimu na kuwafanya viumbe wa sayari nyingine, falsafa juu ya falsafa, mpaka aliyependa gemu hajui tena yuko wapi. Kwa hiyo uhuru peke yake hautoshi. Lazima mwandishi apende kile alichokikuta.

---

MgogoWaNtyuka

Habari za leo wakuu. Mimi sijacheza hata moja ya hayo. Pale vibandani nilipokulia Majengo gemu ni mpira tu, mwenye kibanda hawashi kingine. Ila nasoma, na uzi huu umenipa hamu. Sijaona hata kimoja kwa Kiswahili, kwa hiyo nitasoma Kiingereza kwenye simu taratibu. Nianze na kipi? Naomba kimoja, si orodha.

---

MsomajiMakulu

The Fall of Reach. Sentensi fupi, sura fupi, Kiingereza chake hakina mbwembwe. Na wewe ndiye kipimo changu, ndugu yangu. Ukimaliza njoo useme ukweli.

---

KijanaChimwaga

Anza na Xenos. Kina maneno mengi mapya, ila ni hadithi ya upelelezi, na aliyezoea Willy Gamba hatapotea.

---

BintiMpwapwa

Ndugu Mgogo, mimi nitakuambia Ascension. Najua ni cha pili katika mfululizo wake, lakini kinasimama. Soma kwa ajili ya Gillian.

---

MtuWaKondoa

Soma chochote kati ya hivyo, kisha uje tuandike cha kwetu. Nasema kwa dhati kabisa. Kolo hapa tuna michoro ya miambani iliyoingizwa urithi wa dunia mwaka 2006, watu wembamba warefu wenye vichwa vya ajabu, na kila mgeni anauliza ni nani wale. Nina daftari la mchezo wa mezani nilioanza kuuandika juu yao: wachezaji wanne, kete mbili, mwaka 2600, bonde la Bahi limejaa maji. MsomajiMakulu, ukiitisha kikao kingine pale Nyerere Square nitakuja nalo. Binti Mpwapwa ningependa asome sura ya msichana kabla sijaimaliza.

---

BintiMpwapwa

Lete. Nitasoma na kalamu nyekundu mkononi.